Sauti Nyeusi, Shujaa Mweupe: Je, Mbwaa Itaimbwa na Nani?

Lipo swali ambalo mwalimu wa fasihi simulizi au wa muziki katika shule za Meru na Embu angepaswa kuwauliza wanafunzi wake kila mara wamalizapo kutazama filamu ya vibonzo: ni nani anayeimba, na ni nani anayeimbiwa? Swali hili laonekana dogo. Hata hivyo, atakayelijibu kwa makini atagundua kwamba katuni wanazochekelea watoto wetu zimebeba mafunzo mazito kuhusu rangi za watu na thamani yao.

Tuitazame filamu ya Hercules, iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka wa 1997 chini ya uongozi wa Ron Clements na John Musker. Filamu hiyo huanza kwa sauti nzito ya mwigizaji Charlton Heston, ikisimulia habari za Ugiriki ya kale kwa taadhima kubwa. Ghafla wanawake watano waliochorwa kwenye chungu wanamkatiza na kuitwaa kazi ya kusimulia. Hao ndio miungu wa kike wa sanaa, ambao Wagiriki walisema ni tisa. Ngozi zao ni za kahawia, na waliowaimbia ni Wamarekani weusi: Lillias White, LaChanze, Roz Ryan, Cheryl Freeman na Vanéese Thomas. Muziki aliowatungia Alan Menken ni ule wa injili, wa kupiga makofi na kuitikiana, unaosikika katika makanisa ya watu weusi huko Marekani.

Muziki huo haukuzaliwa mlimani Olympus. Ulikua mjini Chicago katika miaka ya 1930, wakati Thomas A. Dorsey, aliyewahi kuwa mpigaji wa muziki wa bluzi, alipoingiza midundo ya bluzi katika nyimbo za ibada. Ni sauti ya wajukuu wa watumwa wakimlilia Mungu wao. Leo sauti hiyo hiyo inatumiwa kumsifu Zeus na mwanawe. Je, huu ni utovu wa adabu?

Tusikimbilie kuhukumu. Muziki wa Wagiriki wa kale umetufikia kwa vipande vichache tu, na vinanda vya Ulaya tunavyovisikia katika filamu nyingi za visa hivyo havina Ugiriki wowote kushinda muziki wa injili. Isitoshe, tamthilia za Kigiriki zilikuwa na kundi la waimbaji lililosimama kando ya kitendo, likieleza, likionya na kushangilia. Kwaya ya injili inaifanya kazi hiyo barabara. Hivyo basi, anayeikosoa filamu hii kwa madai kwamba imeuharibu muziki wa Wagiriki amepotea njia.

Kasoro iko kwingine. Wanawake wale watano hawana safari yao wenyewe. Hawapendi, hawapotezi, hawashindi wala hawashindwi. Hercules amechorwa mweupe, vivyo hivyo mpenzi wake Megara. Weusi wamepewa kazi ya kumtukuza mwingine. Wanakibeba kisa mabegani kama wapagazi, lakini kisa si chao.

Wapo watakaodai kwamba hiyo ni heshima, kwani hata mshairi Hesiod alianza utenzi wake kwa kuwataja miungu hao wa sanaa. Ni kweli. Lakini heshima ya kusimulia si sawa na heshima ya kusimuliwa. Wala haiwezekani kudai kwamba visa vya Wagiriki havikuwa na watu weusi. Memnon, mfalme wa Wahabeshi, alikwenda Troy na jeshi lake na kuuawa na Achilles. Wagiriki walikuwa na utenzi mzima kumhusu, ingawa sehemu yake kubwa imepotea. Andromeda, aliyeokolewa kutoka kwa nyangumi wa kutisha, alikuwa binti wa mfalme wa Uhabeshi. Wachoraji wa Ulaya walimpaka weupe kwa karne nyingi, na watengenezaji wa filamu wakawafuata.

Mambo yamebadilika kidogo. Mwaka wa 2009 Clements na Musker walitoa filamu yenye binti mfalme wa kwanza mweusi wa Disney, Tiana, ingawa sehemu kubwa ya filamu hiyo yumo katika umbo la chura. Mwaka wa 2019 kisa cha Hercules kilipoigizwa jukwaani mjini New York, Jelani Alladin, kijana mweusi, ndiye aliyekuwa shujaa. Muziki ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni nani anayeimbiwa.

Sasa turudi nyumbani. Katika The Lion King ya mwaka wa 1994, wanyama walipewa majina ya Kiswahili kama Simba, Rafiki na Shenzi, huku kwaya ya Lebo M wa Afrika Kusini ikiimba Kizulu. Kwa msikilizaji wa mbali, Afrika ni moja tu na lugha zake zote ni mapambo. Mbuga ya Meru nayo ndiyo yenye kaburi la Elsa, yule simba aliyefariki mwaka wa 1961. Filamu ya Born Free iliyosimulia maisha yake, japo si ya vibonzo, ilitolewa mwaka wa 1966, na muziki wake uliotungwa na Mwingereza John Barry ukashinda tuzo za Oscar. Simba alikuwa wetu. Sauti haikuwa yetu.

Lakini je, sisi wenyewe tumefanya nini? Mwanafunzi wa Nkubu au Runyenjes aweza kuzitaja kazi za Hercules moja baada ya nyingine. Ukimwuliza habari za Mbwaa, huenda akanyamaza. Ilhali wazee wa Meru wanasimulia jinsi babu zao walivyoteswa katika nchi ya Mbwaa na watu walioitwa Nguo Ntuune, yaani wa nguo nyekundu, na jinsi walivyopewa kazi zisizowezekana: kutengeneza viatu vyenye manyoya pande zote mbili, au kufua mkuki unaofika mawinguni. Kiongozi wao, Koomenjwe, aliyapiga maji kwa fimbo yake, nao wakavuka. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi; waliovuka alfajiri wakaitwa Ntuune, wekundu; waliovuka jua likiwa juu wakaitwa Njeru, weupe.

Hapo, ndugu msomaji, pana hazina kubwa. Rangi katika kisa hiki si ya ngozi wala ya daraja. Ni rangi ya saa, ya mwanga uliokuwapo wakati mtu anavuka kwenda kwenye uhuru. Watu hao wote ni ndugu. Mchoraji wa vibonzo atakayekielewa kisa hiki hatauliza ni nani mweupe na ni nani mweusi, bali jua lilikuwa wapi. Na atakayewachora watu wa nguo nyekundu atapaswa kujihadhari asiwageuze kuwa taifa fulani la leo, kwani simulizi inataja mavazi tu.

Embu nako wana Mwenendega na mkewe Nthara, wanaohesabiwa kuwa chimbuko la kabila hilo, na msitu wenye jina lake ungaliko karibu na Runyenjes. Chuka wana wapiga ngoma mashuhuri, wanaozibana ngoma ndefu kati ya mapaja na kucheza wameinama. Wamisionari wengi walizikataza ngoma za aina hiyo kuwa ni za kishenzi. Ajabu ni kwamba ng'ambo ya bahari, midundo ya watu wenye asili ya Afrika ndiyo iliyoipa ibada uhai.

Uwezo tunao. Mfululizo wa Tinga Tinga Tales ulichorwa Nairobi na kuonyeshwa Uingereza kuanzia mwaka wa 2010. Mwaka wa 2011 Kwame Nyong'o alitoa filamu fupi kuhusu ngano ya Wamaasai ya vilima vya Ngong. Mwaka wa 2023 Ng'endo Mukii aliitoa Enkai, kupitia Disney hiyo hiyo.

Mbwaa bado inasubiri. Ninawasihi walimu wawatume wanafunzi kwa mababu na nyanya zao wakainukuu simulizi hii na nyimbo zinazoandamana nayo, kwa Kimeru na Kiembu, kabla wenye kuzijua hawajatutoka. Wanafunzi wa muziki wajiulize ni ngoma gani ifaayo kuvusha watu usiku, na ni ipi ifaayo mapambazuko. Hilo ni zoezi linalotosha muhula mzima.

Hatuna haja ya kumfukuza Hercules darasani, atatusaidia kulinganisha. Lakini mcheza kwao hutunzwa, na asiyecheza kwao atabaki mwitikiaji katika ngoma ya wengine, hata akiwa na sauti tamu kiasi gani.