PIN Ni Yako Peke Yako: Vile Wasioona Wanajenga Kazi na Kushika Pesa Zao

Nikiwa darasa la sita, nilijua PIN ya mjomba wangu kuliko nilivyojua namba ya simu ya mama. Mjomba haoni. Ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika shule moja ya sekondari huko Magharibi, na kila alipotumiwa pesa, simu ililetwa kwangu. "Nisomee, imeingia ngapi? Haya, tumia nyanya yako elfu mbili." Nilibonyeza, nikamsomea ujumbe, nikarudi kucheza.

Siku moja nikajinunulia kredo ya shilingi hamsini. Hakusema kitu. Nilidhani nimeponyoka.

Sasa fikiria huyu mtu ni nani. Alisomea Shule ya Wasioona ya Thika, ile iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Akafaulu, akaenda chuo kikuu, akaajiriwa. Anaandika maandalizi ya masomo kwa breli. Wakati wa kusahihisha insha, msaidizi humsomea naye anatoa alama, na wanafunzi wake watakuambia hakuna mwalimu mkali kwa sarufi kama yeye. Mtu wa namna hiyo, mwenye darasa la wanafunzi arobaini na kitu, hakuweza kujua salio lake bila ruhusa ya mtoto wa miaka 12.

Tukizungumza kuhusu watu wenye ulemavu wa macho waliofanikiwa kikazi, mara nyingi tunaishia kwenye shangwe. Cheti, medali, picha. Hatuulizi: je, pesa za hiyo kazi anazishika nani?

Chukua Henry Wanyoike wa Kikuyu. Alikuwa kijana mkimbiaji mwaka 1995 alipopatwa na kiharusi, akaamka haoni. Alijifunza kufuma sweta, akawa anawafundisha wengine, kisha akarudi kukimbia. Kwenye Michezo ya Walemavu ya Sydney mwaka 2000 alishinda dhahabu ya mita 5,000, na kama hujawahi kuona zile mita za mwisho, zitafute. Mwelekezaji wake alikuwa hajisikii vizuri na akaishiwa nguvu karibu na utepe. Wanyoike, yule asiyeona, ndiye aliyemkokota mwenzake hadi mwisho. Miaka minne baadaye kule Athens alishinda mita 5,000 na mita 10,000, safari hii akiwa na rafiki yake wa muda mrefu, Joseph Kibunja.

Mkimbiaji na mwelekezaji huunganishwa na kamba fupi tu mkononi. Mwelekezaji anasema kona iko wapi na nani yuko mbele. Miguu ni ya mkimbiaji. Hivyo ndivyo ninavyouona msaada wa pesa: mtu anaweza kukuelekeza kwa ejenti, akakuambia laini ni ndefu, lakini PIN si sehemu ya ile kamba.

Au mtazame Crystal Asige. Ni mwanamuziki aliyepoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya glakoma. Mwaka 2022 aliteuliwa kuwa Seneta, na ndiye aliyewasilisha Mswada wa Watu Wenye Ulemavu uliotiwa saini kuwa sheria mwaka 2025. Yaani hakungoja milango ifunguliwe, alienda kuandika sheria ya milango.

Basi, tuje kwa simu yako au ya mtu wako.

Simu nyingi za Android zina programu ya kusoma skrini inayoitwa TalkBack. Ingia kwenye Mipangilio, tafuta Ufikivu, iwashe. Kwa iPhone inaitwa VoiceOver. Ikishawaka, simu inasema chochote unachogusa: kugusa mara moja ni kusikia, kugusa mara mbili haraka ni kuchagua. Wiki ya kwanza inachosha, sitakudanganya. Mjomba alitaka kuitupa shimoni. Shida yake kubwa ilikuwa menyu kujifunga kabla simu haijamaliza kusoma. Kilichomsaidia ni kuongeza kasi ya sauti na kukariri mpangilio wa menyu, kama vile alivyokuwa amekariri njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni. Siku hizi simu yake inaongea mbio hadi mimi sishiki neno.

Kitu kimoja usisahau: vipokea sauti vya masikioni. Simu ikitaja namba kwa sauti unapobonyeza PIN, laini nzima kwa ejenti itaisikia. Na ejenti hahitaji PIN yako hata kidogo. Akiiomba, au akisema "lete nikubonyezee", chukua simu yako utafute mwingine. Kabla ya kuthibitisha, sikiliza jina linalosomwa. Kabla ya kuondoka dirishani, sikiliza ujumbe wa muamala mpaka mwisho, kisha ndio uhesabu noti.

Kwa wenye biashara, iwe ni kinyozi, mfumaji wa sweta au mwanamuziki anayelipwa baada ya shoo, mteja akisema "nimetuma", usitegemee mlio wa ujumbe. Mlio ni mlio tu, hata ujumbe wa uongo una mlio. Angalia salio. Kwa wanaolipwa taslimu, noti zilizotolewa mwaka 2019 zina alama za kupapasa za kuwasaidia wasioona, kwa hivyo inafaa vidole vizizoee.

Jambo lingine ambalo wengi wameajiriwa miaka mingi bila kuambiwa: mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu anaweza kuomba cheti cha msamaha wa kodi kutoka KRA. Akikipata, shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi hazitozwi kodi ya mapato. Kwa mwalimu wa kawaida, hiyo ni tofauti kubwa kwenye payslip.

Nilipomaliza chuo nilikaa na mjomba wikendi nzima tukiiweka simu yake sawa. Jumapili jioni akabadilisha PIN. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya. Sasa ile hamsini ya 2012 ndiyo ya mwisho."

Kumbe alijua. Miaka yote hiyo alikuwa anahesabu salio kichwani, shilingi kwa shilingi, na hakuwa na namna ya kunizuia.

Kama nyumbani kwenu kuna mtu asiyeona na wewe ndiye unayejua PIN yake, keti naye wiki hii. Mwashie TalkBack, mpe vipokea sauti, mwonyeshe menyu ya kubadilisha PIN ilipo. Akianza kubonyeza, wewe geukia dirishani.