Mpigaji Bora Hukosa Mara Saba kwa Kumi. Na Mkeka Wako?

Usicheke kwanza. Mimi ni shabiki wa besiboli na ninaishi Kayole.

Nilipoacha chuo nilipata kazi ya usiku mtandaoni, ya kusikiliza Wamarekani wakiongea na kuandika walichosema. Malipo ni kwa dakika. Faili nyingi nilizopewa zilikuwa za watu wakibishana kuhusu besiboli. Mechi ikianza saa moja jioni New York, huku ni saa nane usiku, ploti imelala, ni mimi na soja tu. Ukiandika mabishano ya watu miezi sita, hata wewe utaanza kubishana.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza: mpigaji anayefaulu mara tatu kwa kumi ni staa. Analipwa mamilioni ya dola akikosa mara saba! Na kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, kwa hivyo ukipoteza tatu mfululizo hakuna anayelia. Tatu si kitu. Sasa nina beshte aliyeanza kuuza smokie, mvua ikanyesha siku tatu, akafunga na kusema biashara haiwezekani Nairobi. Siku tatu, bana.

Stori ninayoipenda ni ya Oakland Athletics, 2002. Bajeti yao ya mishahara ilikuwa kama dola milioni 40. New York Yankees walikuwa na zaidi ya milioni 120, na tayari walikuwa wamewachukulia Jason Giambi, mpigaji wao hatari zaidi. Billy Beane, meneja mkuu wa Oakland, hakukaa akimlilia Giambi. Swali lake lilikuwa: kwa hii pesa kidogo iliyobaki, ni nini cha maana ambacho wengine wanakidharau? Akamchukua Scott Hatteberg, mdakaji aliyeumia neva za kiwiko hata kurusha mpira ikawa shida. Wengine waliona kiwiko. Oakland waliona jamaa mwenye subira ambaye hakimbilii kila mpira, na kwa hivyo hufika besi mara nyingi. Wakamhamishia besi ya kwanza.

Mwaka huo Oakland walishinda mechi 20 mfululizo. Ya ishirini, Septemba 4, waliongoza Kansas City 11-0, wakazembea hadi ikawa 11-11. Halafu Hatteberg, ambaye hata hakuwa ameanza mechi, akaingia na kuupiga mpira nje ya uzio. 12-11. Walimaliza msimu na ushindi 103. Yankees? 103 pia, kwa pesa mara tatu.

Na bado Oakland walitolewa na Minnesota raundi ya kwanza ya mchujo. Hesabu nzuri haikuahidi kombe. Ilikuongezea nafasi tu, basi.

Sasa tuje kwako, wewe uliye na mkeka kwa simu. Tuseme umechagua timu kumi, na kila moja ina nafasi ya asilimia 60 kushinda. Zidisha 0.6 kwa yenyewe mara kumi. Utapata kama 0.006. Yaani mikeka 1,000 kama hiyo, inayoingia ni kama sita. Jakpoti ya mechi 17 je? Hata kama wewe ni mkali, unapata nusu ya mechi zako sawa, nafasi ni moja kwa 131,072. Ukicheza tiketi moja kila wiki, ni kama miaka 2,500 kwa wastani. Na “leo lazima, nimepoteza sana” haisaidii. Mpira haujui ulipoteza jana.

Najua kwa sababu hiyo lazima niliisema mimi. Mwaka wangu wa tatu nilikuwa na 32,000 za karo kwa simu. Nilipoteza 6,000, kisha nikacheza zile zingine ili nirudishe hizo 6,000. Ningeuliza swali la Beane ningebaki na 26,000, na pengine ofisi ya karo ingenisikiza. Mama anajua niliacha chuo kwa kukosa karo. Ni kweli ilikosekana. Ilikoenda ndiyo hajui, na kama anasoma hapa, Mama, nitakuja Jumapili tuongee.

Naandika haya kwa sababu ndugu yangu mdogo yuko mwaka wa pili. Wiki jana usiku alinitumia picha ya mkeka wake: timu 12, moja tu ilikuwa imeuchoma. “Bro, nilikuwa karibu sana. Nitumie 3,000, kesho ni lazima.”

Nilimtumia fare ya wiki, na ile hesabu ya 0.6. Ameisoma. Amejibu na swali moja: “Kwani wewe karo yako ilienda wapi?”