Mzoga wa Kimeta Usiburutwe

Mwaka 2015 kimeta kiliua nyati katika Mbuga ya Ziwa Nakuru. Mashamba ya ng'ombe hayako mbali na mbuga hiyo, na ugonjwa huu hauzuiwi na seng'enge.

Ng'ombe akifa ghafula, akitokwa puani na damu nyeusi isiyoganda, asipasuliwe wala kuchunwa. Vijidudu vikipata hewa hugeuka kuwa kama mbegu ngumu, nazo huishi udongoni miaka mingi. Kumburuta kwa trekta hadi bondeni ni kuzipanda njia nzima! Aitwe daktari wa mifugo, kisha mzoga uchomwe au ufukiwe papo hapo, futi 6 kwenda chini, mbali na kisima. Wenye hamu ya nyama watanung'unika, na wanung'unike. Ng'ombe waliosalia wadungwe sindano ya kinga.