Butembo: Klavie isiyo na waya inapokula herufi, kazi ya mwanafunzi inabaki njiani

Ilikuwa saa moja ya usiku, siku ya Ijumaa, katika sekretaria moja ndogo ya komini Kimemi, hapa Butembo. Mwanafunzi mmoja msichana alikuwa amesimama nyuma ya mama mwenye kupiga mashine, macho yake hayaondoki kwenye kioo. Kesho yake asubuhi alipaswa kuweka kazi yake ya mwisho wa masomo kwenye ofisi ya fakilte. Kurasa zaidi ya 60 zilikuwa tayari. Zilibaki ukurasa wa juu, shukrani na orodha ya vitabu. Hapo ndipo klavie ilianza kula herufi.

Mimi nilikuwa nimefika kwa ajili ya fotokopi tu. Nilikaa pale karibu saa mbili nzima.

Mwanzoni herufi zilipotea ovyo: leo "n", mara "t", mara nafasi kati ya maneno. Kisha tabu ikajikusanya mahali pamoja: "a" ikawa inapita mara moja ikikataa mara mbili. Mwenye kuandika Kifaransa, Kiswahili au majina ya huku kwetu anajua "a" ni herufi ya namna gani. Jina la yule binti lilikuwa nazo tatu. Kwenye ukurasa wa juu lilitokea limebaki na moja.

Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa maana ya jina lenye herufi pungufu kwenye karatasi ya shule. Wengi wamekwisha kutembea miezi, ofisi hadi ofisi, kwa sababu diploma inasema hivi na kadi ya mchaguzi inasema vile. Ndiyo sababu binti hakukubali shauri la kutoa karatasi jinsi ilivyo na kusahihisha kwa kalamu.

Mama alikuwa na ujanja wake. Aliitafuta "a" moja kwenye ukurasa wa zamani, akaikopi, na kila mara alipoihitaji aliibandika kwa Ctrl na V. Inawezekana, lakini jaribu kuandika ukurasa mzima wa bibliografia kwa njia hiyo uone kama kidole hakitakufa ganzi. Baada ya mistari minne alimpigia fundi simu.

Kwa nini mama huyo alikuwa na klavie isiyo na waya? Kama wengi: mashine yake ni ya kubeba, klavie yake ya ndani iliharibika zamani, na kuibadilisha ni ghali kuliko kununua nyingine ya pembeni. Zile zisizo na waya zinajaa kwenye butiki za mji. Zinatoka China au zinapitia Dubai, zinafika kwa barabara ya Kasindi, ndani ya boksi moja na panya yake. Mezani hazina fujo la waya. Shida ni kwamba zikianza kusumbua, mtu hajui ashike wapi, kwa sababu kati ya kidole na kioo kuna mambo mengi: mawe, redio ndogo, programu, na tushi zenyewe.

Fundi alipofika, kijana wa miaka ishirini na kitu, hakufungua skrubu hata moja. Aliuliza kwanza: "Mama, mawe uliyaweka lini?"

Mama hakukumbuka. Fundi akayatoa. Yalikuwa mawili, yale madogo ya bei ya chini yanayouzwa kwa ajili ya torchi na redio. Yakiwa mapya, jiwe moja la namna hiyo linatoa volti 1.5. Kadiri nguvu inavyoshuka, klavie haizimi mara moja kama taa. Inaendelea kufanya kazi nusu nusu, ujumbe wa redio unakuwa dhaifu, na herufi zinapotea njiani. Hapo mtu analaumu tushi wakati tushi hazina kosa.

Jambo la pili alilolitazama ni vyuma vinavyogusa mawe. Upande mmoja ulikuwa na unga mweupe. Jiwe la alkalini likizeeka ndani ya chombo huvuja, na unga ule unazuia umeme na kula chuma. Unachoma pia ngozi, kwa hiyo haufai kufutwa kwa kidole kitupu. Fundi aliomba limau. Alichovya pamba kidogo kwenye maji yake, akafuta taratibu, akakausha kwa kitambaa. Siki inafanya kazi hiyo hiyo. Nilipenda kuona kwamba dawa ilitoka kwenye kapu la mboga la mama.

Mawe mapya yakaingia. Zile herufi zilizokuwa zinapotea ovyo zikapungua, lakini hazikwisha.

Akainama nyuma ya meza. Klavie hizi zinakuja na kidude kidogo cha USB, ndicho kipokezi chake. Vingi vinaongea kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ni njia ya Wi-Fi na Bluetooth pia. Ni kama soko la Jumamosi, kila mtu anapiga kelele kwenye barabara moja. Kidude cha mama kilikuwa kimechomekwa kando ya diski ya nje, tena kwenye tundu la rangi ya buluu. Matundu hayo kwa kawaida ni USB 3.0, na mwaka 2012 kampuni ya Intel yenyewe ilitoa maandishi ya kuonyesha kwamba USB 3.0 inapopitisha data hutoa kelele za redio kwenye masafa hayo hayo ya 2.4, kiasi cha kuwasumbua panya na klavie zisizo na waya. Fundi hakuwa anajua habari za Intel. Alijua tu kwamba "kidude hakipendi diski." Alikihamishia upande mwingine wa mashine, karibu na klavie, mbali na diski. Pale ambapo ordinatere ni ile kubwa ya kuweka chini ya meza, anasema afadhali kutumia waya mfupi wa kurefusha USB na kukileta kipokezi juu ya meza, kuliko kukiacha nyuma ya sanduku la chuma.

Herufi ovyo zikaisha. Hata ile tabia ya "eeeeeee" kujiandika yenyewe ikaisha. Hiyo nayo ina sababu yake: klavie inatuma habari tushi inapobonyezwa, na habari nyingine inapoachiwa. Ile ya pili ikipotea hewani, mashine inadhani kidole bado kiko pale.

Ikabaki "a" peke yake.

Hapa fundi alifanya kitu ambacho nilikiiba kwa matumizi yangu. Alitoa simu yake na kale kawaya kafupi ka OTG kanakounganisha USB na simu, akachomeka kipokezi, akafungua nafasi ya kuandika ujumbe. Simu nyingi za Android zinakubali klavie namna hiyo bila maswali. Akabonyeza "a". Ikakataa, sawasawa kama kwenye mashine. Kwa hiyo ugonjwa uko ndani ya klavie, si kwenye Windows wala kwenye mpangilio. Kama ingeandika vizuri kwenye simu, angerudi kutafuta kwenye mashine. Dakika mbili, na nusu ya mashaka yote imeondoka.

Kwa asiye na waya huo, Windows ina klavie ya kuonyeshwa kwenye kioo: bonyeza tushi ya Windows, Ctrl na O kwa pamoja. Ukigusa tushi ya kweli, yake ya kiooni inawaka. Isiyowaka ndiyo mgonjwa. Tena, unaweza kuibofya kwa panya na kumaliza kazi ya haraka, jambo ambalo lingempunguzia mama ile adhabu ya Ctrl na V.

Niseme pia kwamba mara nyingi mashine ndiyo yenye kosa. Rafiki zangu wa redaksheni wamekwisha kuleta klavie "zilizokufa" ambazo zilikuwa nzima kabisa. Ukibonyeza Shift mara 5 mfululizo, Windows inapendekeza kitu kinachoitwa "Touches rémanentes". Mtu akikubali bila kusoma, klavie inaanza vituko. Ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, zinakuja "Touches filtres", na kuanzia hapo mguso mfupi hauhesabiwi, unaona kama tushi zote zimechoka. Kuna na mashine za kubeba ambazo Verr Num ikiwaka, u, i na o zinatoa 4, 5 na 6.

Lakini mfalme wa malalamiko huku kwetu ni AZERTY na QWERTY. Sisi tumesoma kwa Kifaransa, tumezoea AZERTY. Bidhaa nyingi zinazopitia Uganda au Dubai zimechapwa QWERTY. Tena kugusa Alt na Shift pamoja bila kujua, au Windows na tushi ya nafasi, kunaweza kubadilisha mpangilio katikati ya sentensi. Dalili zake hazifichiki: unabonyeza a inakuja q, z inakuwa w, na m inatoa nukta na mkato. Hata mpangilio wa Ubelgiji na wa Ufaransa, vyote viwili AZERTY, havifanani. Kwenye ule wa Ubelgiji alama ya @ iko AltGr na 2, kwenye ule wa Ufaransa iko AltGr na 0. Mtu anashindwa kufungua barua-pepe yake, anasema klavie imevunjika, kumbe mashine inadhani yuko Brussels.

Turudi kwa "a".

Fundi alitoa mawe, akainua kifuniko cha tushi hiyo kwa kutumia ukingo wa kadi ya simu, taratibu, pembe moja baada ya nyingine. Chini kulikuwa na vumbi letu jekundu, mabaki ya mkate, na kitu cheusi kinachonata. Mama alinyamaza kidogo, kisha akakiri: chai, wiki iliyopita, yenye sukari. Aliifuta juu, akaona yamekwisha.

Klavie za bei ndogo hazina swichi ya chuma chini ya kila tushi. Kuna kikombe kidogo cha mpira, na chini yake karatasi tatu za plastiki. Ile ya juu na ile ya chini zimechorwa mistari inayopitisha umeme, ya katikati ina matundu. Ukibonyeza, mpira unasukuma karatasi ya juu iguse ya chini kupitia tundu. Sukari ikinata, mpira haurudi vizuri. Maji yakipenya hadi kwenye mistari, inaliwa. Na kwa kuwa klavie yenye tushi 105 haina mistari 105, bali tushi nyingi zinagawana mstari mmoja, mstari ukikatika hazifi peke yake peke yake. Zinakufa kikundi. Hii ndiyo alama anayoiangalia fundi kabla ya kuchukua pesa ya mtu: tushi moja ikikataa, kuna tumaini la kusafisha, zikikataa sita au nane pamoja, afadhali mteja atunze franka zake. Plastiki ile haichomelewi kwa risasi, inayeyuka.

Alitumia alkoli ya duka la dawa, kwenye pamba, kidogo kidogo, akiuinua mpira na kuurudisha. Wako wanaotumia esansi kwa kuwa iko karibu. Inakula plastiki na kufuta herufi, bila kusahau hatari ya moto. Kisha akaacha ikauke kama dakika kumi na tano, ambazo kwa yule binti zilikuwa ndefu kuliko miaka ya chuo.

Wakati wa kungoja niliuliza kuhusu siri. Watu wanapiga nywila za benki kwenye klavie hizi. Mwaka 2016, kampuni ya usalama ya Bastille ya Marekani ilionyesha kwamba klavie za bei nafuu za watengenezaji 8 zilikuwa zinatuma kila herufi hewani bila kuficha chochote, na mtu aliye umbali wa hadi mita 76 angeweza kusoma. Hazikuwa zile za Bluetooth. Fundi alicheka, akasema huku wezi hawana haja ya redio, wanasimama nyuma yako tu. Huenda ana haki. Mimi nywila zangu nazipiga kwenye klavie ya waya.

Alitoa shauri moja pia kuhusu kile kidude: kikipotea, klavie nyingi za bei ndogo zimekwisha, hata kama tushi zote ni nzima, kwa sababu kipokezi cha nyingine hakiisikii. Chache, kama zile za Logitech zenye alama ya Unifying, zinakubali kuunganishwa na kipokezi kingine cha alama hiyo.

Saa tatu kasoro robo, "a" ilipita. Ikapita tena. Mama aliandika mstari mzima wa "a" peke yake, akaufuta. Kisha binti akalitaja jina lake, herufi moja moja, kwa sauti, kama mtoto wa shule ya msingi, na mama akaipiga kila moja akiitazama kwenye kioo kabla ya kwenda kwa inayofuata. Walisoma ukurasa wa juu mara mbili kabla ya kutoa karatasi.

Nilipita pale tena Jumatatu kuchukua fotokopi zangu nilizosahau. Kazi iliwekwa Jumamosi kabla ya ofisi kufungwa. Diski ya nje iko upande wake, kipokezi upande wake. Na kikombe cha chai sasa kinakaa kwenye kiti kidogo mlangoni, ambako mama analazimika kuinuka kila anapotaka kunywa.