Nadharia za Kazi ya Ustawi wa Jamii na Manufaa Yake kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Mwanachuo aendapo kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Karagwe au Kyerwa huwa amejiandaa kwa azimio la kazi, andalio la somo na zana. Yote hayo ni ya lazima. Lakini hata juma la kwanza halijaisha, atagundua kwamba wapo watoto ambao somo haliwafikii. Sababu si udhaifu wa andalio. Mtoto hayupo, au yupo, lakini ana njaa, ana huzuni, ama amechoka kwa kazi aliyoifanya alfajiri. Jambo hilo halina nafasi katika andalio la somo. Ni jambo la ustawi wa jamii.

Makala haya yanakusudia kueleza nadharia kuu zinazoongoza kazi ya ustawi wa jamii. Kusudi si kumgeuza mwalimu awe afisa ustawi wa jamii. Kusudi ni kuonyesha kwamba kila mwalimu tayari anayo nadharia yake kuhusu watoto, hata kama hajui jina lake, na kwamba nadharia hiyo ndiyo inayoamua ataona nini anapomtazama mtoto mwenye shida.

Kosa moja

Naanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu mgeni kazini katika shule moja ya kijijini, nilikuwa na mvulana wa darasa la tano ambaye alikosa shule mara kwa mara. Kila aliporudi nilimpa adhabu ya kulima shamba la shule wakati wenzake wakijifunza hesabu. Niliamini kuwa yeye ni mtoro, na mtoro dawa yake ni adhabu. Muhula ulipokaribia kwisha, akaacha kuja kabisa.

Nilipoketi kufunga hesabu za daftari la mahudhurio, ndipo nilipoona kwamba alama zake za kutokuwapo zilikuwa zimejipanga katika safu moja: Jumatano, Jumatano, Jumatano. Jumatano ilikuwa siku ya gulio. Nilikwenda kwao. Nilimkuta bibi yake, ambaye miguu ilikuwa imevimba hata hawezi kutembea mbali. Wazazi wa mtoto walikuwa wamekwisha kufariki. Mjukuu ndiye aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi hadi gulioni, akauza, na kurudi na chumvi, sabuni, na madaftari aliyokuwa akiandikia somoni kwangu. Mtoto mwenyewe alikuwa amekwenda mbali kufanya kibarua cha kuchunga ng'ombe. Shuleni hakurudi.

Jawabu lilikuwamo ndani ya daftari langu mwenyewe, wala sikulisoma. Basi na tumtazame mtoto huyo kwa nadharia mbalimbali, tuone kila moja ingenionyesha nini.

Nadharia ya nafsi na jamii

Mwaka 1917 Mary Richmond, Mmarekani, alichapisha kitabu kilichoweka msingi wa utaratibu wa kuchunguza shida ya mtu mmoja mmoja: kukusanya habari, kuzipima, kisha kutoa uamuzi. Waliomfuata waliongeza elimu ya nafsi iliyotokana na Freud. Kwa nadharia hii, mwenendo wa mtu hutokana na yaliyomo moyoni mwake pamoja na hali inayomzunguka. Mtoto aliyefiwa anaweza kuonyesha huzuni yake kwa ukaidi, kwa kunyamaza, au kwa kusinzia darasani. Nadharia hii ingenifundisha kuuliza, "Mtoto huyu amepoteza nini?" kabla ya kuuliza, "Mtoto huyu amekosa nini?" Hata hivyo, uchunguzi wa ndani ya nafsi wahitaji mafunzo marefu. Mwalimu asijaribu kuchimba majeraha asiyoweza kuyafunga.

Nadharia ya tabia

Wafuasi wa nadharia hii, ambayo B. F. Skinner aliieneza sana, husema kwamba tabia inayofuatwa na faida huimarika, na ile isiyo na faida hufifia. Walimu wengi huidhania kuwa ni nadharia ya fimbo. Sivyo. Hebu tuitumie kwa uangalifu: Jumatano mtoto alikwenda gulioni akapata chumvi na sabuni, Alhamisi alikuja shuleni akapata jembe na fedheha. Gulio lilimlipa, shule ikamwumiza. Kwa hiyo mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kuacha shule, tena kwa ustadi. Laiti ningalimpokea kila Alhamisi kwa kumpa dakika chache za kufidia hesabu alizozikosa, kurudi shuleni kungalikuwa na faida.

Nadharia ya utatuzi wa tatizo

Helen Harris Perlman, katika kitabu chake cha mwaka 1957, alieleza kazi hii kwa mambo manne: mtu, tatizo, mahali anapopeleka tatizo lake, na mwendo wa kulitatua. Mwalimu na azingatie hilo la tatu. Katika vijiji vyetu afisa ustawi wa jamii yuko mbali, lakini shule ipo karibu. Shule ndiyo mahali. Nadharia hii pia yasisitiza kwamba mwenye tatizo ashiriki kulitatua. Mimi sikumwuliza yule mvulana hata mara moja, "Wewe waonaje? Tufanyeje?"

Nadharia ya mfumo na mazingira

Nadharia hii ilipata nguvu katika miaka ya 1970. Pincus na Minahan waliiandikia mwaka 1973, na Germain na Gitterman wakaitia mkazo wa mazingira mwaka 1980. Husema kwamba mtu ni kama uzi katika mkeka: ukiuvuta mmoja, mingine husogea. Mwalimu anaweza kuitumia kwa kalamu tu. Achore duara, aandike ndani yake jina la mtoto. Kisha achore maduara mengine kuzunguka hilo: nyumbani, shule, kanisa au msikiti, zahanati, serikali ya kijiji, gulio. Mstari mnene uonyeshe uhusiano wenye nguvu, mstari wa nukta uonyeshe ule ulio dhaifu. Kwa mvulana wetu, mstari wa gulio ungekuwa mnene, wa shule ungekuwa wa nukta, na kati ya zahanati na bibi mgonjwa pasingekuwa na mstari wowote. Mahali hapo pasipo na mstari ndipo pa kuanzia kazi.

Katika sehemu zetu hapana budi maduara hayo yaingie pia historia. Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na eneo hili lapakana na Uganda na Rwanda. Mkoa wa Kagera ulipitiwa na vita vya 1978 na 1979. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu huu, na katika miaka iliyofuata bibi wengi walirudi tena kulea, safari hii wajukuu. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa wingi mno Ngara na Karagwe. Mwalimu akutanapo na nyumba ya bibi na wajukuu asidhani ameona uzembe wa ukoo fulani. Ameona mwisho wa mnyororo mrefu.

Nadharia ya uwezo wa mhusika

Dennis Saleebey na wenzake, katika kitabu cha mwaka 1992, walihimiza kuanza na kile ambacho mtu anacho badala ya kile anachokosa. Yule mvulana alijua kukadiria bei ya mkungu kwa macho, kurudisha chenji bila karatasi, na kujadiliana na wanunuzi kwa Kinyambo na Kiswahili. Nami nilimtoa nje wakati wa somo la hesabu! Angaliweza kuwa mwalimu msaidizi wangu katika mada ya faida na hasara.

Nadharia ya ukombozi

Mwisho ni nadharia iliyoathiriwa na Paulo Freire wa Brazil. Huuliza kwa nini hali iko hivyo, tena huwataka wanaohusika waulize wenyewe. Kwa nini maisha ya nyumba nzima yategemee baiskeli ya mtoto? Kwa nini gulio liwe siku ya masomo? Haya si maswali ya mtoto mmoja, bali ya mkutano wa kijiji. Kwetu fikra hii si ngeni: mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule isitengane na jamii inayoizunguka. Hatari yake ni kwamba mkutano huchukua miezi, na mtoto yuaja kesho asubuhi.

Mwalimu ashike ipi?

Nadharia hizi hazishindani kama timu za mpira. Kila moja huangaza upande mmoja na kuacha mwingine gizani. Nashauri utaratibu huu:

1. Soma daftari la mahudhurio kila Ijumaa, ukitafuta mpangilio wa siku.
2. Zungumza na mtoto peke yake, mahali panapoonekana na watu lakini wasiposikia.
3. Tembelea nyumbani, kwa kubisha hodi na kwa heshima, baada ya kumwarifu mwalimu mkuu.
4. Chora maduara; tafuta mstari unaokosekana.
5. Amua jambo moja dogo la kufanya pamoja na mtoto na mlezi wake.
6. Lililo zaidi ya uwezo wako lipeleke kwa mwalimu mkuu, ili lifike kwa uongozi wa kijiji na kwa afisa ustawi wa jamii.

Kuhusu hatua ya sita, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Zaidi ya hapo, aliyoyasikia mwalimu nyumbani kwa mtoto si mazungumzo ya ofisi ya walimu. Siri ikivuja mara moja, mlango hufungwa.

Hitimisho

Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Nami naongeza kwamba jicho moja halimwoni. Mwalimu anayejua nadharia moja tu ataona mtoro kila mahali. Anayezijua kadhaa atasita kidogo, atauliza, kisha atatenda. Kusita huko kungalimbakiza mvulana wangu darasani.

Maswali ya mjadala

1. Chora maduara ya mwanafunzi mmoja uliyemfahamu katika mazoezi ya kufundisha, bila kutaja jina lake. Ni mstari upi unaokosekana?
2. Taja adhabu moja uliyoiona shuleni. Kwa nadharia ya tabia, adhabu hiyo ilimfundisha mtoto nini hasa?
3. Je, inafaa shule iombe siku ya gulio ibadilishwe? Jadilini faida na hasara kwa wazazi, wafanyabiashara na wanafunzi.