Dawa ya Akili kwa Mgonjwa wa Saratani? Fahamu Kazi Mpya ya Olanzapini

Mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa kemotherapi anaweza kutoka kliniki akiwa na tembe za olanzapini. Akifika nyumbani, anasoma karatasi iliyo ndani ya pakiti na kukuta kwamba hiyo ni dawa ya ugonjwa wa akili. Ni rahisi kushtuka, kudhani daktari amekosea, na kuziweka kando. Lakini hakuna kosa. Dawa hiyo ya zamani imepimwa na kupewa kazi ya pili: kuzuia kichefuchefu na kutapika.

Inavyofanya kazi

Olanzapini ilianza kutumika Marekani mwaka 1996 kutibu skizofrenia. Huzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo. Ujumbe huo huo wa dopamini hutumika pia katika sehemu ya ubongo inayotambua sumu kwenye damu na kuamuru tumbo litapike. Kemotherapi huamsha sehemu hiyo. Kwa kuwa olanzapini huzuia dopamini pamoja na kemikali nyingine zinazohusika, madaktari waliona kuna sababu ya kuijaribu.

Ilivyopimwa

Dhana nzuri haitoshi. Matokeo ya utafiti mmoja mkubwa uliofanyiwa wagonjwa 380 nchini Marekani yalitolewa mwaka 2016. Wote walipewa dawa za kawaida za kuzuia kutapika. Kundi moja liliongezewa olanzapini miligramu 10 kwa siku nne, na kundi la pili likapewa tembe zinazofanana nazo lakini zisizo na dawa. Wagonjwa na madaktari wao hawakujua nani amepata nini. Katika saa 24 za kwanza, asilimia 74 ya waliopata olanzapini hawakuhisi kichefuchefu chochote, ikilinganishwa na asilimia 45 katika kundi la pili.

Tatizo lilikuwa usingizi, hasa siku ya pili. Kwa hivyo watafiti wakapima dozi ndogo zaidi. Nchini Japani walijaribu miligramu 5. Katika hospitali ya Tata Memorial mjini Mumbai, India, miligramu 2.5 ililinganishwa na miligramu 10. Matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kuwa dozi hiyo ndogo ilizuia kutapika vizuri vilevile, na wagonjwa walisinzia kidogo zaidi.

Kwa sababu dawa ya zamani madhara yake yanajulikana, kuipima kwa kazi mpya huchukua muda mfupi kuliko kuunda dawa mpya. Hata hivyo, kila kazi mpya lazima ipimwe, maana dozi, muda na hali ya mgonjwa hubadilika.

Wakazi wazingatie haya

• Mgonjwa asiache dawa kabla ya kuzungumza na daktari, muuguzi au mfamasia wake. Kutapika kupita kiasi humaliza maji na nguvu mwilini, na kunaweza kuchelewesha matibabu.

• Amwambie daktari dawa zote anazotumia, ikiwemo metoclopramide, ambayo wengi huijua kama Plasil. Hiyo pia huzuia dopamini.

• Aepuke pombe, na asiendeshe gari au pikipiki akihisi usingizi. Asimame polepole, kwani dawa inaweza kuleta kizunguzungu.

• Mwenye kisukari aseme mapema, kwa sababu olanzapini inaweza kupandisha sukari.

• Olanzapini huongeza hamu ya kula na uzito. Hiyo si ruhusa ya kuinunua ili kunenepa. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari.

Anayeombwa kushiriki utafiti wa dawa yoyote ana haki ya kuelezwa faida na hatari zake kwa lugha anayoielewa, kukataa, au kujiondoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Nchini Kenya, majaribio ya dawa kwa binadamu huhitaji idhini ya Bodi ya Famasi na Sumu pamoja na kamati ya maadili ya utafiti.