Namba Zilizopakwa Rangi

Katika Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1900 jijini Paris, kwenye sehemu iliyotengewa Wamarekani Weusi, kulikuwa na bango lenye mstari mwekundu uliojiviringisha kama gamba la konokono. Juu yake palikuwa na vijistari vitatu vya rangi nyingine, vimenyooka. Bango lilieleza watu Weusi wa jimbo la Georgia walikuwa wakiishi wapi mwaka 1890. Waliokaa katika miji yenye wakazi zaidi ya 10,000 walikuwa 78,139. Miji ya wakazi 5,000 hadi 10,000 ilikuwa na 8,025, na ile midogo zaidi 37,699. Waliosalia, watu 734,952, walikuwa vijijini na mashambani. Hao ndio mstari mwekundu.

Mchoraji mwingine angeweka pau nne na kazi ikaisha. Lakini kwa kipimo hichohicho, pau ya mashambani ingetoka nje ya karatasi. Na kama ingebanwa ikaenea, ile ya watu 8,025 ingebaki kama nukta. Waliotengeneza bango waliamua kuuviringisha mstari. Jicho la mtazamaji linaufuata, linazunguka, linazunguka tena, na kabla hajasoma namba yoyote ameshajua kwamba Weusi wa Georgia walikuwa watu wa shamba.

Kazi hiyo iliongozwa na W. E. B. Du Bois, mwanasosholojia aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Atlanta, akisaidiwa na wanafunzi wake wa wakati huo na wa zamani. Walichora mabango yapatayo 60 kwa mkono, kwa wino na rangi za maji, katika miezi michache tu. Maelezo mengine waliyaandika kwa Kifaransa pia, maana walijua ni nani atakayesimama mbele yake. Du Bois mwenyewe alisafiri kwenda Ulaya katika daraja la chini kabisa la meli kwa sababu hakuwa na fedha za kutosha. Alirudi na medali ya dhahabu.

Ifahamike wakati wenyewe ulikuwaje. Mwaka mmoja kabla, huko huko Georgia, umati ulikuwa umemuua kikatili Sam Hose, mfanyakazi Mweusi wa shambani, na habari hiyo ilimtikisa Du Bois. Wasomi wengi wa Kizungu wakati huo walikuwa wakitumia takwimu kudai kwamba Weusi hawawezi kuendelea. Yeye alizichukua takwimu hizohizo akazipaka nyekundu, kijani na dhahabu. Bango lenye nguvu kuliko yote, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni lile la watumwa na watu huru tangu 1790 hadi 1870. Ni mlima mweusi uliojaza karibu karatasi nzima, na juu yake umepita ukanda mwembamba wa kijani. Rangi nyeusi ni watumwa, kijani ni walio huru. Mwaka 1790 kijani ni asilimia 8, mwaka 1860 ni asilimia 11. Miaka sabini, na ukanda karibu haukusogea. Halafu, kati ya 1860 na 1870, mlima unaporomoka na kijani kinashuka hadi chini kabisa. Vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyomaliza utumwa huko Marekani haikutajwa popote kwa michoro ya mizinga wala bendera. Hakukuwa na haja.

Wataalamu wa leo wangeweza kumkosoa. Mwaka 1984, watafiti wawili wa Marekani, William Cleveland na Robert McGill, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba jicho la binadamu hulinganisha vizuri zaidi vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja, kama pau zinazoanzia mstari mmoja. Likipewa pembe au eneo, hukosea zaidi. Kwa kanuni hiyo mstari uliojiviringisha ni chaguo baya: hakuna anayeweza kuutazama akasema ni mara ngapi umezidi wenzake. Ni kweli. Ila mtu anayepita kwenye maonyesho yenye mamilioni ya wageni, huku akivutwa na mashine mpya na taa za umeme, hakuja kupima. Inabidi asimamishwe kwanza. Namba kamili ziliandikwa pembeni kwa anayezitaka.

Hapo ndipo ubunifu katika kuchora data unapopata kazi yake. Wengi hudhani ni kuongeza madoido: kivuli nyuma ya pau, duara lililoinuliwa likawa keki, picha za sarafu zilizopangwa juu kwa juu. Mara nyingi madoido hayo ndiyo yanayodanganya. Mchora data mzuri hujiuliza mambo mawili: nani atatazama, na kitu gani kiachwe nje ili kilichobaki kionekane.

Florence Nightingale alilijua hilo la kwanza vizuri sana. Anakumbukwa kama muuguzi mwenye taa wa Vita ya Crimea, lakini alipenda takwimu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1858 alitoa mchoro wa duara uliogawanywa vipande 12, kila mwezi kipande chake, kuonyesha askari wa Kiingereza walikufa kwa nini. Buluu ni magonjwa ambayo yangezuilika, nyekundu ni majeraha, nyeusi ni sababu nyingine. Januari 1855 magonjwa yaliua askari 2,761, majeraha 83, na mengineyo 324. Buluu ya mwezi huo imetanuka mpaka nyekundu inatafutwa. Machi mwaka huohuo tume ya usafi ilifika, mifereji ya maji machafu ikazibuliwa, na duara la pili, la mwaka uliofuata, ni dogo kiasi cha kushangaza likiwekwa kando ya la kwanza.

Kuna mtego humo, na Nightingale mwenyewe aliukanyaga. Katika mchoro wake wa mwanzo, idadi ya vifo ilipimwa kwa urefu wa mstari kutoka kitovu cha duara kwenda nje. Lakini jicho haliuoni urefu huo, linaona eneo lililopakwa rangi, na urefu ukiongezeka mara 10 eneo linaongezeka mara 100. Baadaye alibadili hesabu ili eneo lenyewe ndilo lilingane na idadi ya waliokufa. Karne na nusu imepita na kosa hilohilo bado linachapishwa: mfuko wa fedha wa mwaka huu umechorwa kuwa mrefu mara mbili kuliko wa mwaka jana, na kwa kuwa umepanuka pia, msomaji anaona mara nne.

Kuhusu kuacha vitu nje, mfano mkali zaidi ni wa mwaka 2018. Ed Hawkins, mwanasayansi wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Reading nchini Uingereza, alichukua rekodi ndefu za halijoto akazifanya kuwa milia. Kila mlia ni mwaka mmoja: buluu ukiwa wa baridi kuliko wastani, nyekundu ukiwa wa joto. Hakuna namba, hakuna tarehe, hakuna mhimili wala ufafanuzi wa rangi. Kushoto ni buluu, kulia ni nyekundu iliyoiva. Wazo lilitokana na blanketi alilofuma kwa sindano mwanasayansi mwenzake, Ellie Highwood, akiweka rangi moja kwa kila mwaka. Baadaye ilifunguliwa tovuti ambako mtu anachagua nchi yake, Tanzania au Kenya zikiwemo, akapata milia yake. Imechapwa kwenye tai, skafu na mabasi. Haijulikani kwa nini kiwanda cha kanga hakijaiona, maana pindo na mji vingekaa hapo bila taabu.

Nairobi ilikuwa na tatizo la namna nyingine: data yenyewe, ya njia za matatu, yaani mabasi madogo ya abiria, haikuwepo. Kila mkazi alijua kwamba matatu namba 46 inakwenda Kawangware na namba 111 Ngong, na namba nyingi za njia zilirithiwa kutoka kwa mabasi ya zamani ya Kenya Bus Service. Ila ujuzi huo ulikuwa vichwani mwa madereva na makondakta. Mgeni aliuliza steji, akaonyeshwa kwa kidole. Kuanzia 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa vyuo vya Columbia na MIT na kampuni ndogo ya Groupshot, waliwatuma wanafunzi kupanda matatu wakiwa na simu zinazorekodi njia. Wanafunzi walikaa kwenye viti kama abiria wengine, na kila gari liliposimama waliweka alama ya kituo, kiwe rasmi au kile kilichozoeleka tu chini ya mti.

Zilipatikana njia zaidi ya 130. Zikiwekwa zote kwenye ramani ya kawaida, zilifanya fundo la nyuzi lisilosomeka katikati ya jiji. Wabunifu wakarudi kwa Harry Beck, mchoraji aliyeinyoosha ramani ya treni za chini ya ardhi za London, ikachapishwa 1933. Beck alielewa kwamba aliye ndani ya handaki hahitaji kujua umbali wala mkunjo wa reli, anahitaji kujua kituo kinachofuata na pa kubadilishia. Abiria wa matatu hayuko handakini. Anaona barabara dirishani na huijua kwa jina. Kwa hiyo njia zilinyooshwa, lakini zikapewa rangi kwa makundi kufuata barabara kuu zinazopita.

Ramani ilitolewa Januari 2014, ikasambaa mitandaoni, ikachapishwa magazetini, na serikali ya kaunti ikaipokea kuwa ramani rasmi. Jambo lisilotarajiwa lilitokea mbele ya madereva na wamiliki wa magari. Walipoitazama waliona kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona kwa ujumla wake: karibu kila njia inaishia katikati ya jiji. Mtu wa kitongoji cha mashariki anayetaka kwenda cha magharibi lazima aingie mjini, ashuke, atembee, apande gari jingine. Palepale wakaanza kujadiliana njia mpya zinazoweza kukwepa msongamano. Watu hao walikuwa wameendesha kwenye barabara hizo miaka na miaka.

Dar es Salaam ilipita njia inayofanana na hiyo kwa sababu nzito zaidi. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwakusanya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, wakaingia mitaani pamoja na wakazi kuchora nyumba, vichochoro na mitaro ya kata zinazokumbwa na mafuriko. Picha za droni zilisaidia kuona mapaa. Mahali maji yalipofika mvua zilizopita ilibidi waulizwe wenyeji, na mipaka waliyoionyesha ikawekwa kwenye ramani ambayo yeyote anaweza kuipakua bila malipo.

Tukirudi Nairobi, ramani ya matatu ina mapengo yake. Haionyeshi nauli, na nauli ya Nairobi mvua ikinyesha ni habari nyingine kabisa. Haionyeshi pia saa ambazo dereva huacha barabara kuu akapita mtaani kukwepa foleni. Hata hivyo data zake ziliwekwa wazi katika mfumo ambao programu za simu huweza kuusoma, na mwaka 2015 njia za matatu zikaingia kwenye Google Maps. Amman nchini Jordan na Managua nchini Nicaragua, miji ambayo nayo ilikuwa na mabasi mengi bila ramani, zimechora za kwao baada ya hapo.